Moto Uliotoka kwa Jirani, na Neno "Yamekwisha"

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Sumbawanga mbele ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, wengi wao wakiwa wenye nyumba. Tumeyafupisha kidogo.



Mmeniomba nizungumze juu ya bima ya nyumba, na hasa juu ya jambo moja ambalo limewasumbua baadhi yenu. Nyumba ya mtu imeharibiwa na mwingine. Mwenyewe hana kosa lolote. Amelipwa, au hakulipwa. Na mwaka unapokwisha, anapokwenda kuhuisha bima yake, anakuta ada imepanda, au ameongezewa masharti, au anaambiwa kwa adabu nyingi kwamba kampuni haitaendelea naye. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi nimekosa nini?

Nitasema mapema jinsi ninavyoliona jambo hili. Mwenye nyumba aliyekosewa aghalabu hapotezi haki yake mahakamani, kwa sababu wengi wetu hatufiki huko kabisa. Anaipoteza katika siku mbili zisizo na kelele: siku anayopatana na aliyemkosea, na siku anayohuisha bima yake. Siku ya kwanza anaongozwa na moyo mwema. Siku ya pili anaongozwa na haraka. Zote mbili zinahitaji kalamu.

Tuanze na mahali tulipo. Uwanda wetu wa Ufipa uko juu, sehemu kubwa ikizidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na safu ya Mbizi ikipanda zaidi ya hapo. Mvua hukatika karibu na mwezi wa Mei, na tangu hapo hadi Oktoba au Novemba majani hukauka, miti ni michache, na upepo unavuma bila kizuizi. Katika miezi hiyo moto uliowashwa na mtu mmoja ili asafishe pembe ya shamba lake unaweza kuvuka mashamba matatu kabla mwenyewe hajapata tawi bichi la kuuzimia. Wazee wetu walikuwa na hekima yao hapa. Zile ntumba, yale matuta ya duara yanayojulikana na kila mtaalamu wa kilimo aliyepita Ufipa, hutengenezwa kwa kufukia majani ili yaoze yawe mbolea; hayachomwi. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wabemba wa Zambia, kilimo chao cha asili cha chitemene kilitegemea kukata matawi na kuyateketeza. Sisemi kwamba Mfipa hachomi. Anachoma, na siku hizi anachoma sana: kwa ajili ya malisho mapya, kwa ajili ya panya, na mara nyingine kwa uvivu tu. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba jembe la mababu lilijua njia nyingine.

Hatari ya pili imekuja na maendeleo yenyewe. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi hapa, kilomita zipatazo 224, ilijengwa kwa vipande vitatu, Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga, na imetutoa katika kifungo cha matope. Hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini kila mwenye nyumba aliyejenga kando ya barabara anajua kwamba lori lililokuwa likipita kwa mwendo wa mkokoteni sasa linapita kwa kasi, usiku na mchana, wakati mwingine likielekea Kasanga bandarini, na kwamba breki zikikatika ukuta wa mtu ndio unaolisimamisha.

Moto wa jirani na lori la mgeni: hizi ndizo hasara mbili nitakazozizungumzia, kwa kuwa zote zinatoka kwa mtu mwingine.

Zamani nyumba ya miti na nyasi ilipoungua, majirani walikata miti, wakakata nyasi, pombe ya ulezi ikapikwa, na baada ya siku chache paa lilikuwa limerudi mahali pake. Ile ilikuwa bima kamili, na ada yake ilikuwa nguvu za kila mmoja. Lakini bati haliotI bondeni, wala saruji haichimbwi kwa jembe. Nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati, milango ya mninga na waya za umeme, haiwezi kurudishwa kwa kazi ya siku tatu na mtungi wa pombe. Hapo ndipo bima ya fedha inapoingia. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa mali ya umma kikamilifu mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kwa karibu miaka thelathini mwananchi aliyetaka bima Tanzania Bara alikuwa na mlango huo mmoja wa kubisha. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua milango mingine, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Leo milango ni mingi. Kuwa na milango mingi ni heri kwa anayejua kusoma kilichobandikwa mlangoni. Kwa asiyesoma, ni njia nyingi za kupotea.

Wengi wenu hapa mna bima kwa sababu mlikopa benki kwa dhamana ya nyumba, na benki ikadai nyumba ikatiwe bima. Mkatia sahihi, fedha zikakatwa katika mkopo, hati ikabaki katika faili la benki. Nawaomba mfanye jambo moja wiki hii: nendeni mkaombe nakala. Huwezi kudai haki iliyoandikwa katika karatasi usiyoiona. Tena mtakuta kwamba benki ndiyo iliyoandikwa kuwa ya kwanza kupokea malipo, jambo ambalo si baya, lakini ni heri mtu alijue kabla nyumba haijaungua kuliko baada yake.

Mkiipata nakala, tazameni kwanza orodha ya mambo yasiyolipiwa. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo Mfipa anapoumia bila kujua. Hati nyingi za bima ya moto katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza zilifuata kielelezo cha zamani, kilichotungwa kwa kufikiria maghala na majumba ya mijini. Katika kielelezo hicho, miongoni mwa hasara zisizolipiwa, hutajwa kuungua kwa misitu, vichaka na mbuga, pamoja na kusafisha ardhi kwa moto. Yaani ule moto hasa unaotutisha sisi mwezi wa Septemba unaweza kuwa umetolewa nje ya mkataba kwa mstari mmoja wa maandishi madogo. Kadhalika kugongwa na gari: bima ya moto tupu hulipa moto na radi, na kwa kawaida mlipuko wa vyombo vya nyumbani, nyumba kugongwa na gari ni hatari ya nyongeza, nayo hulipiwa ikiwa tu imeandikwa. Bima pana za nyumba hujumuisha mengi ya haya. Bima nyembamba iliyonunuliwa kwa ajili ya kuiridhisha benki huenda isijumuishe.

Basi muulizeni wakala wenu maswali mawili, na jibu alitoe kwa maandishi: moto ukitoka porini au shambani kwa mwingine ukaunguza nyumba yangu, mtanilipa? Na lori likiingia ukutani mwangu, mtanilipa? Wakala akijibu kwa mdomo kwamba "kila kitu kimo," mwambieni aandike hivyo hivyo. Nyongeza hizi mara nyingi huongeza ada kidogo tu. Asiyeziomba hapewi.

Sasa tuseme hasara imetokea. Kuna mkosaji. Sheria inasemaje?

Sheria inasema una wadaiwa wawili, si mmoja. Wa kwanza ni aliyekukosea. Wa pili, kama una bima inayohusu hasara hiyo, ni kampuni yako. Aliyekukosea anadaiwa kwa sababu ya kosa. Kampuni inadaiwa kwa sababu ya mkataba. Muda wa kushitaki nao unatofautiana: katika Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, madai ya madhara yanayotokana na uzembe hufungwa baada ya miaka mitatu, na madai ya mkataba baada ya miaka sita. Msidanganyike na urefu wa miaka hiyo, kwa maana mkataba wa bima wenyewe hudai taarifa itolewe mapema mno, mara nyingi katika siku chache tangu hasara kutokea.

Kuhusu moto, tunayo sheria mahsusi ya kuzuia moto wa majani, Sura ya 135, tuliyoirithi kutoka enzi ya mkoloni, na vijiji vingi vina sheria ndogo zao. Juu ya hayo, mahakama zetu hufuata kanuni za sheria ya Kiingereza kama zilivyokuwa zikitumika mnamo tarehe 22 Julai, 1920, kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Miongoni mwake ni kanuni maarufu ya mwaka 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher. Rylands alikuwa na kiwanda, akachimbiwa bwawa la maji katika eneo lake. Maji yakapenya chini kwa chini yakafurika mgodi wa Fletcher. Mahakama ikaamua kwamba mtu anayeleta katika ardhi yake kitu chenye kuleta madhara kikitoroka, na matumizi yake si ya kawaida, anawajibika kinapotoroka, hata kama hakuzembea. Mwanasheria wa jirani yako atasema kwamba kuchoma majani ni jambo la kawaida shambani, na pengine atasikilizwa. Kwa hiyo njia iliyonyooka zaidi ni kuonyesha uzembe: aliwasha wakati wa upepo, hakukata njia ya moto, hakuwaarifu majirani, akaondoka kabla moto haujazimika. Mambo hayo yanathibitishwa na watu walioyaona, na watu husahau. Andikeni majina yao siku ileile.

Kuhusu lori, mwenye lori huwajibika kwa kosa la dereva wake aliyekuwa kazini. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Dereva anapelekwa mahakamani, anakiri, anatozwa faini, na mwenye nyumba anarudi nyumbani akidhani kesi yake imekwisha. Faini ile imekwenda serikalini. Isipokuwa mahakama imeamuru fidia, ukuta wako haujapata hata tofali moja. Vilevile, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima, ilikusudia kwanza vifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali ya mtu mwingine hutegemea kilichoandikwa katika hati ya lori lile, na kwa kawaida huwekewa kikomo cha fedha. Kwa hiyo, kabla lori halijavutwa, chukueni namba ya gari, jina la kampuni iliyolikatia bima na tarehe ya mwisho ya bima hiyo, kisha mdai taarifa ya polisi wa usalama barabarani. Piga picha ukuta ukiwa umelalia kabati. Ukishausafisha, umefuta ushahidi wako kwa ufagio wako mwenyewe.

Ndugu wanachama, sasa nafika kwenye ile siku ya kwanza.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alishangazwa na jinsi watu wa uwanda huu walivyopenda amani, akaandika juu ya jambo hilo kwa miaka mingi baadaye. Sina haja ya mgeni kunithibitishia, lakini si vibaya kusikia. Kwetu, moto ukitoka kwa jirani ukaunguza nyumba yako, hazipiti siku tatu wazee hawajaketi. Jirani anakuja na watu wake. Anakiri. Anatoa magunia ya mahindi, pengine mbuzi, pengine fedha kidogo. Mnapeana mikono. Na wewe, kwa kuwa umelelewa vizuri, unasema: yamekwisha.

Neno hilo ni zuri. Mimi sitaki lipotee Ufipa. Lakini katika bima lina uzito ambao wazee walioketi hawakuukusudia, na hasa likiandikwa na kutiwa sahihi. Sababu ni hii. Kampuni ikishakulipa hasara yako, inapata haki ya kusimama mahali pako na kumdai aliyekukosea kwa kutumia jina lako. Haki inayoipokea ni ile ile uliyokuwa nayo wewe, wala haizidi. Kama wewe umekwisha kumwachilia jirani, umeiachilia na haki ya kampuni, nayo itakuambia: umetunyima mdaiwa wetu, nasi hatukulipi. Hivyo nyumba ya shilingi milioni ishirini inafungwa kwa magunia matano ya mahindi, na aliyeifunga ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, mbele ya mashahidi.

Kanuni iliyo chini ya jambo hili ni kwamba bima hurudisha hasara, haizalishi faida. Mfano unaotajwa katika vitabu vyote ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1883, Castellain na Preston. Preston alikuwa amekubali kuuza nyumba. Kabla mauzo hayajakamilika nyumba ikaungua sehemu, kampuni ikamlipa pauni 330. Kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Mahakama ikamwamuru muuzaji azirudishe zile 330, kwa sababu hasara yake ilikuwa imekwisha kuzibwa. Basi jirani akikulipa fidia na kampuni ikakulipa hasara hiyo hiyo, utarudisha ya mmoja.

Je, tuache kupatana? La hasha. Pataneni, lakini mtenganishe moyo na hesabu. Alichotoa jirani kama pole na kiandikwe kuwa ni pole. Rambirambi si fidia, na hakuna anayemzuia mtu kumfariji mwenzake. Muandike kwamba ugomvi umekwisha, kwamba hakuna kinyongo, kwamba watoto wenu wataendelea kucheza pamoja. Kisha muandike mstari mmoja zaidi: makubaliano haya hayaondoi madai ya hasara ya nyumba wala haki za kampuni ya bima. Msitie sahihi maneno "malipo kamili na ya mwisho" kabla ya kampuni kujua. Na mtu wa upande wa pili, hasa mwenye lori anayekuja asubuhi na mapema na bahasha mkononi, akikuharakisha utie sahihi, jiulize anakimbia nini.

Kuna jambo gumu kuliko hilo, nalo husemwa kwa kunong'ona. Mwenye nyumba anaogopa kwamba akisema moto ulitoka kwa jirani, kampuni itamburuta jirani mahakamani, mtu maskini mwenye ekari mbili. Kwa huruma anaandika katika fomu kwamba ilikuwa hitilafu ya umeme, au radi. Radi mwezi wa Agosti, ndugu zangu! Mtathmini wa hasara si mtoto. Atakuja, ataona majani yaliyoungua yakielekea nyumbani kutoka shambani, atauliza watu wawili njiani. Uwongo katika dai humpa mtoa bima sababu ya kulikataa dai zima, na jina la mwenye nyumba linaandikwa pabaya. Tena mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema ya kiwango cha juu kuliko mikataba ya kawaida. Ukiivunja nia hiyo kwa ajili ya kumhurumia jirani, umeivunja vilevile.

Semeni kweli. Kisha, pamoja na dai lenu, iandikieni kampuni barua kueleza hali ya jirani: kwamba ni mkulima mdogo, kwamba mmepatana, kwamba mnaomba kampuni ifikirie kabla ya kumfungulia kesi. Kampuni ina haki ya kudai, hailazimiki kudai. Inapima gharama za wakili na safari kutoka Mbeya au Dar es Salaam dhidi ya kile inachoweza kukipata kwa mtu mwenye majembe matatu. Hesabu hiyo mara nyingi humsaidia jirani kuliko uwongo wako. Mwenye lori, mwenye bima yake, ni jambo jingine. Huyo na adaiwe hadi senti ya mwisho.

Na katika kudai huko, kumbukeni sehemu yenu. Karibu kila mkataba humwachia mwenye nyumba kiasi fulani cha kwanza cha kila hasara akibebe mwenyewe. Kiasi hicho, pamoja na kodi ya chumba mlichopanga wakati wa ukarabati kama hati haikukilipia, bado ni deni la aliyewakosea kwenu. Kampuni inapomwandikia mdai wake, iombeni iingize na hayo. Isipotaka, dai ni lenu, na ile miaka mitatu inahesabika.

Huenda mtu akauliza: kwa nini nisiiache kampuni yangu kabisa, nikamfuata mwenye lori na kampuni yake moja kwa moja? Yawezekana. Faida yake ni kwamba hulipi kile kiasi cha kwanza, na katika vitabu vya kampuni yako hakuna malipo yaliyofanywa kwa ajili yako. Hasara yake ni muda: kampuni ya mgeni haina mkataba nawe, wala haraka nawe, na unaweza kupitisha masika mawili chini ya turubai. Ushauri wangu ni kwamba hasara ndogo, mkosaji akiwa na bima inayojulikana, mfuateni huyo. Hasara kubwa, tumieni bima yenu na mwiachie kampuni kazi ya kufukuzana na mwenzake. Lakini katika hali zote mbili itoleeni kampuni yenu taarifa ya maandishi, mkieleza kama ni dai au ni taarifa tu. Kunyamaza kwa kutumaini kwamba mwenye lori atalipa, kisha kukimbilia kampuni yako miezi sita baadaye, ni njia ya uhakika ya kukosa huku na huko.

Siku ya pili ni ya kuhuisha. Mkataba wa bima ya nyumba kwa kawaida ni wa mwaka mmoja. Ukiisha umeisha, kampuni hailazimiki kuendelea, wala nawe hulazimiki. Hapa ndipo lile swali la mwanzo linaporudi: nimekosa nini?

Jibu la haki ni kwamba hukukosa kitu, na kampuni haisemi umekosa. Ada ya bima si faini. Haiangalii nani alikosea jana. Inajaribu kukisia nini kitatokea kesho. Nyumba iliyogongwa kwenye kona ya barabara ina kona ile ile mwaka ujao. Nyumba iliyopakana na shamba linalochomwa kila mwaka itapakana nalo tena. Kwa kiasi hicho kampuni ina hoja, na ni kupoteza muda kuipinga kwa kupiga meza.

Lakini hoja hiyo ina mipaka. Kama kampuni yako ilikulipa, kisha ikarudishiwa fedha zote na kampuni ya lori, dai lako halikuigharimu kitu ila karatasi. Kukuondolea punguzo la asiyekuwa na madai, au kukupandishia ada kana kwamba ilipoteza, ni kumtoza aliyeibiwa gharama za mwizi. Naliona jambo hilo kuwa si haki, na nawashauri msilipokee kimya kimya. Miezi miwili kabla ya hati kwisha, iandikieni kampuni mkiuliza mambo manne katika barua moja: dai langu limeandikwaje katika kumbukumbu zenu, imeandikwa kwamba hasara ilisababishwa na mwingine, mmerudishiwa kiasi gani, na kama ada imepanda, ni kwa sababu ipi. Na dai lisiachwe wazi bila sababu. Dai lililolipwa lakini ambalo bado linafuatiliwa kwa mkosaji huonekana katika vitabu kama hasara kamili mpaka fedha zirudi.

Pamoja na barua hiyo, onyesheni mlichobadilisha. Nguzo za zege au mawe makubwa kati ya nyumba na barabara. Ukanda uliolimwa na kusafishwa kuzunguka kiwanja kabla ya Juni. Nyasi zilizoondolewa katika jiko la nje na kuwekwa bati. Picha tatu za mambo hayo zina nguvu kuliko malalamiko ya kurasa tatu, kwa kuwa zinajibu swali ambalo kampuni inajiuliza kweli.

Mkihamia kampuni nyingine, mtakuta fomu inauliza kama mmepata hasara yoyote katika miaka iliyopita. Watu hukosea hapa kwa moyo safi: "haikuwa kosa langu, kwa hiyo haihesabiwi." Fomu haikuuliza kosa ni la nani, imeuliza hasara. Jibuni ndiyo, kisha mweleze nani alisababisha na nani alilipa. Ukificha, kampuni mpya itapokea ada yako kwa furaha mwaka hata mwaka, na siku ya moto itafungua faili na kukuta sababu ya kutokulipa.

Nisisahau thamani. Tuseme nyumba inaweza kujengwa upya kwa milioni 40, nawe umeikatia bima ya milioni 20 kwa kuwa hiyo ndiyo bei uliyoikumbuka. Moto ukiharibu sehemu ya milioni 6, mikataba mingi itakulipa milioni 3 tu, kwa hoja kwamba nusu ya nyumba hukuikatia bima. Bei ya bati na saruji hupanda kila mwaka. Anayehuisha kwa tarakimu za mwaka aliojenga anapunguza bima yake bila kujua. Na kama ukarabati haujakwisha hati inapofikia mwisho, msiiache ilale. Iarifuni kampuni kwamba nyumba inatengenezwa, na kama haina mtu, semeni, kwa maana mikataba mingi huweka kikomo cha siku ambazo nyumba yaweza kukaa tupu.

Kampuni isipojibu, au ikikataa kwa sababu msizozikubali, andikeni kwanza kwa uongozi wa kampuni yenyewe na mtunze nakala. Kisha iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yenye ofisi ya kanda Mbeya, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 2009 ili mtu wa kawaida aweze kusikilizwa bila kulazimika kwanza kwenda mahakamani. Mbeya si karibu, najua, lakini barua hufika.

Ndugu Mwenyekiti, nimemwachia katibu karatasi mbili. Ya kwanza ni ule mstari wa kuongeza katika makubaliano ya wazee, nimeuandika kwa herufi kubwa. Ya pili ni mfano wa barua ya kuuliza kumbukumbu za dai. Katibu ameniambia kwamba wanachama wengi bima zao zinakwisha Juni pamoja na mwaka wa mkopo. Hao waanze nao wiki hii, waje na nakala za hati zao, na mimi nitakuwa hapa hadi Alhamisi mchana.